Tabayyun kabla ya kombora: Nchi yetu iseme wazi kuhusu ndege zisizo na rubani

SHUKRANI zote ni za Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Kwetu sisi wa Nassa, kando ya Ghuba ya Speke, ndege isiyo na rubani si habari ya kusikia kwa mbali. Mwaka 2018 zilifanyiwa majaribio ya kupeleka dawa Ukerewe, ng'ambo ya ghuba, zikikata kilomita 60 kwa muda wa dakika 40 hivi. Katika baadhi ya wilaya zinazopakana na hifadhi, zimetumika kuwafukuza tembo wanaovamia mashamba, na watu wakaziita ndege nyuki kwa sababu ya mvumo wake. Chombo chenyewe hakina dhambi. Hubeba kile alichokipakia mwenye nacho.

Ndiyo maana habari za El Fasher, nchini Sudan, zilituingia moyoni. Alfajiri ya Ijumaa, 19 Septemba 2025, ndege ya aina hiyo iliupiga msikiti wakati wa swala, na zaidi ya watu 70 wakafariki. Sisi tunaoshika daftari la msikiti tunawajua kwa majina wanaohudhuria alfajiri, na safu zetu za wakati huo hazifikii idadi hiyo. Msiba wa namna ile ungetufuta sote, imamu na maamuma.

Walioshutumiwa ni wapiganaji wa RSF, ambao ni Waislamu kama walivyo wengi wa wanajeshi wanaopigana nao. Wapo waliosema barazani baada ya swala kwamba huo ni ugomvi wa ndugu wawili, hivyo dua inatosha. Sisi wa kamati tuliona vingine. Suratun Nisaa, aya ya 135, inatuwajibisha kusimama na haki bila ya kuwapendelea jamaa. Anayelaani bomu linaloanguka Gaza hana budi kulilaani linaloanguka Darfur, awe amelirusha nani.

Lakini lawama peke yake haizuii kombora. Tujiulize: dini yetu inamtaka nini mwenye silaha kabla hajaitumia? Inamtaka tabayyun, yaani kuhakikisha. Suratul Hujurat, aya ya 6, imeamrisha hivyo katika habari zinazotufikia, na Suratun Nisaa, aya ya 94, imeamrisha hivyo vitani.

Kisa cha Usama bin Zayd (r.a.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim, watoto wetu wa madrasa wanakijua. Vitani alimzidi nguvu mtu mmoja, na mtu yule akatamka shahada. Usama akadhani ameitamka kwa kuogopa silaha, akamuua. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimkemea na akakariri kumkemea, mpaka Usama akatamani lau angekuwa amesilimu siku ile tu. Usama aliuona uso wa yule mtu na kuisikia kauli yake, na bado dhana ilimpotosha. Itakuwaje kwa mtu aliyeketi mbali, anayetazama vivuli kwenye kioo?

Jibu lilionekana Tudun Biri, katika jimbo la Kaduna, Nigeria. Usiku wa 3 Desemba 2023 wanakijiji walikusanyika kwa Maulid. Ndege isiyo na rubani ya jeshi la nchi yao wenyewe iliwapiga kwa kudhaniwa kuwa ni majambazi, na watu wasiopungua 85 wakazikwa. Jeshi lilikiri kosa. Karibu zaidi na sisi, Januari 2022, kombora la ndege kama hiyo liliua zaidi ya raia 50 waliokimbia vita na kujihifadhi shuleni Dedebit, Tigray, nchini Ethiopia. Watu wa Tigray wengi wao ni Wakristo, na damu yao ina heshima ile ile.

Hatusemi jeshi letu lisiwe na macho angani. Desemba 2013, wakati vijana wa Tanzania wakiwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa Kongo Mashariki, umoja huo ulirusha kutoka Goma ndege zake za kwanza za upelelezi zisizo na silaha. Na Desemba 2017, kule Semuliki, tulipoteza askari wetu wasiopungua 14 kwa shambulizi moja. Mzazi mwenye mtoto jeshini hawezi kukichukia chombo kinachomwonyesha adui mapema. Tofauti ipo kati ya kuona na kuua.

Hapa nchini, kijana anayetaka kupiga picha za harusi kwa ndege hizo hutakiwa kuwa na vibali, na Wizara ya Ulinzi ina kauli katika jambo hilo. Kwa upande wa vita, duniani hakuna mkataba uliotungwa mahususi kwa ndege zenye silaha zisizo na rubani. Zipo kanuni za jumla tu. Itifaki ya Kwanza ya mwaka 1977, ambayo nchi yetu ni mwanachama wake, katika kifungu cha 36 inalitaka taifa kupima uhalali wa kila silaha mpya kabla ya kuitumia. Na tarehe 2 Desemba 2024, mataifa 166 yalipiga kura katika Umoja wa Mataifa kuunga mkono mazungumzo kuhusu silaha zinazojichagulia shabaha zenyewe. 3 yalipinga na 15 hayakuegemea upande wowote.

Tunawaomba wabunge wetu walizungumze jambo hili bungeni, na masheikh wetu walifikishe kwa viongozi. Nchi itamke mambo matatu. Kwanza, kombora lisifyatuliwe bila ya mwanadamu aliyehakikisha na atakayewajibika. Pili, kila anayeuawa kimakosa ahesabiwe hadharani, na jamaa zake walipwe haki yao, kama sheria yetu inavyoamuru diya kwa aliyeuawa bila ya kukusudia. Tatu, Tanzania iwe mbele kudai mkataba, kwa kuwa majirani zetu ndio wanaozikwa.

Nanyi wazazi, kijana anapowaonyesha kwenye simu picha za makombora akishangilia, mwambieni asimame kidogo na aulize: ni nani waliokuwa chini?

Allah awarehemu waliouawa wakiwa katika ibada, na ailinde nchi yetu. Amin.