Hema la Gombe: safari tunayoipanga kwa likizo kubwa

Tangu mkutano wa juma lililopita wengi muliniuliza njiani na hata sokoni: Gombe kuna nini, na kwa nini tulale ndani ya hema wakati kila mtu ana nyumba yake? Nimeombwa nijibu hapa ili Jumamosi tusirudie mabishano yale yale.

Kwa wasiokuwepo, jambo lilianza hivi. Muso yetu ya hapa Nyamianda ilipogawana pesa, tulibakiza kidogo tukasema mara hii tusinunue sahani wala viti, tutembee. Kuna waliotaka kwenda tu ng'ambo ya Gatumba kuwaona viboko wa Rusizi na kurudi jioni. Mimi nikaleta habari ya Gombe, kwa sababu niliwahi kufika huko na walimu wenzangu wawili, na tangu siku hiyo natamani wamama wengine wakuone. Niliposema tutapiga kambi, mama mmoja mkubwa, ambaye wengi wetu tunamwita bibi, akainua mkono. "Mwalimu, kambi nilikwisha kupiga miaka minane, Nyarugusu. Hakuna aliyenialika, ni vita iliniita." Watu walicheka kidogo, halafu wakanyamaza. Mama mwingine akasema yeye harara tena chini ya shitingi baada ya mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020. Tukaagana bila kupiga hesabu.

Nilirudi nyumbani na aibu. Ni kweli, kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu wetu waliovuka ziwa, na Kigoma kwa familia nyingi za Uvira na Fizi si mahali pa matembezi. Ni mahali walipofika na watoto mgongoni. Mimi nilikuwa mtoto wakati huo, nilisahau kwamba neno moja linaweza kumwangukia kila mtu kwa namna yake.

Lakini kuna habari moja ya Gombe ambayo niliipeleka kwa bibi Jumanne, akiwa anachagua ndakala mlangoni kwake, na ninyi pia muisikie.

Katika Julai 1960 msichana Mwingereza wa miaka 26, Jane Goodall, alifika Kigoma ili aende kuchunguza sokwe. Wakubwa wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika walikuwa wamekataa msichana akae porini peke yake, ni lazima awe na mtu wa kumsindikiza. Aliyekubali ni mama yake mzazi, Vanne. Walipofika Kigoma wakakuta mji umejaa wakimbizi kutoka Kongo. Wakimbizi hao ni Wabelgiji! Uhuru wetu ulikuwa wa tarehe 30 Juni, na majuma hayo hayo wengi wao walikimbia kwa kuvuka ziwa. Jane na mama yake wakasaidia kuwatengenezea mikate yenye nyama, kama elfu mbili, na wao wenyewe wakapiga hema katika uwanja wa gereza la Kigoma wakingoja ruhusa. Tarehe 14 Julai wakashuka Gombe na hema moja kuukuu la jeshi, wakalala humo mama na binti. Mama Vanne akafungua sehemu ndogo ya kuwapa wavuvi dawa, wote wawili wakaugua malaria, na baada ya miezi michache mama akarudi kwao. Binti akabaki. Watu wengi humsifu binti tu, lakini mimi humfikiria yule mama aliyeacha nyumba yake akaja kulala chini kwa ajili ya kazi ya mtoto.

Bibi alisikiliza, akaendelea kuchagua ndakala, akauliza: "Kwa hiyo Wazungu pia walikuwa wakimbizi Kigoma?" Nikasema ndiyo. Akacheka sana.

Sasa mahali penyewe. Gombe iko karibu kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma, kando ya ziwa letu hili hili. Ilitengwa mwaka 1943, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ni ndogo: kutoka majini hadi juu ya ukingo wa milima ni kilomita mbili au tatu tu, lakini milima inapanda ghafla kupita mita 1,500, na ziwa liko karibu mita 770. Hakuna barabara ya gari. Unafika kwa mtumbwi wenye mota. Mabonde yanashuka moja baada ya jingine, kila moja na kijito chake. Bonde ambako watu wengi hutembea linaitwa Kakombe. Ninyi wa kartye ya Kakombe musinishike shati, sijui nani alimwibia mwenzake jina.

Njia ya miguu ya kwanza inafuata kijito cha Kakombe hadi maporomoko ya maji, na mama mwenye afya ya kawaida ataifika bila shida. Hewa pale ni ya baridi, majani yanatikiswa na upepo wa maji hata kama ziwani hakuna upepo. Njia ya pili inapanda mahali ambapo Jane alikuwa anakaa na darubini yake. Hiyo ni ya magoti mazima. Nilisimama mara nne, na mwalimu mwenzangu wa mazoezi ya mwili, nisiyemtaja, alisimama mara sita. Ukiwa juu, siku isiyo na ukungu, unaona ng'ambo milima ya Fizi. Nilikaa pale nikiitazama kwetu kutoka upande ambao kila mara nilikuwa nautazama nikiwa kwetu.

Watu wa Gombe wana sababu yao ya kuitazama milima hiyo. Usiku mmoja wa Mei 1975 wapiganaji wa PRP wa Laurent-Désiré Kabila walivuka ziwa kutoka upande wetu, wakateka vijana wanne waliofanya kazi ya uchunguzi Gombe, Wamarekani watatu na Mholanzi mmoja. Waliachiliwa baadaye wakiwa hai baada ya malipo. Nalisema hilo ili mujue kwamba hofu ilivuka ziwa pande zote mbili.

Na sokwe? Wamama, ninyi ndio mutakaowaelewa kuliko walimu wa biolojia. Jane aliwafuata mama kwa miaka, mmoja wao aliitwa Flo. Flo alipozeeka alishindwa kumwachisha kitindamimba wake, Flint, ambaye aliendelea kupanda mgongoni akiwa mkubwa. Flo alikufa mwaka 1972. Flint aliacha kula, akakaa karibu na mahali mama alipoangukia, na baada ya majuma machache akafa naye. Mama mwingine, Gremlin, alizaa mapacha mwaka 1998, akawalea wote wawili, jambo ambalo ni adimu kwa sokwe. Sisi tulimwona mama mmoja na mtoto wake kwa muda wa kama nusu saa. Mtoto alitaka kushuka, mama akamshika mguu bila hata kumtazama. Nilimwona pale jirani yangu mzima.

Hapa ndipo penye sharti gumu. Magonjwa yetu yanawaua sokwe. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliua na kulemaza baadhi yao. Kwa hiyo mwenye kikohozi au mafua haendi msituni, hata akiwa amelipa. Unasimama mita kumi mbali nao. Na mtoto wa chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kwa sokwe. Nawaomba mulisikie mapema, kwa sababu kuna mama wawili waliokwisha kuwaahidi watoto wa darasa la nne. Watoto wakubwa tu, na wadogo wabaki kwa mashangazi.

Njia: tunavuka Kavimvira, Gatumba, Bujumbura, halafu barabara ya ziwa kwa Rumonge na Nyanza-Lac, tunapanda Mabanda, tunavuka Mugina na Manyovu, tunashuka Kigoma. Ni siku nzima, tutalala Kigoma. Mitumbwi ya abiria inayoelekea Kagunga hutoka pwani ya Kibirizi kama saa sita mchana na kuteremsha watu Gombe njiani. Hiyo ni saa sita ya Tanzania! Saa zao zinatangulia zetu kwa saa moja. Sisi tulifika Kibirizi tukifurahi kwamba tumewahi, tukaona mkia wa mtumbwi. Tulilala tena Kigoma kwa gharama ambayo hatukuipanga.

Pesa: hifadhi za Tanzania hazipokei noti mlangoni, hulipwa kwa benki au kwa simu. Mgeni wa mbali hulipa kwa dola kila siku, raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, kidogo sana kuliko hapo. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022. Katibu wetu aandikie hifadhi sasa, apate jibu kwa maandishi kuhusu karatasi gani watazikubali, tusibishane na mtu pwani. Kila mtu atafute pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo. Wasio na pasipoti waanze mwezi huu, ninyi munajua ofisi zetu.

Chakula tutanunua Kigoma, maharagwe, mchele, samaki wakavu, na makala. Usiingize chakula ndani ya hema. Nyani wa pwani ya Gombe ni wezi, watapasua hema kwa ndizi moja. Walichukua mkate wetu mbele ya macho yetu, na mmoja aliukalia akitutazama. Chukueni chandarua, viatu vinavyofunga kamba, sweta, kitenge cha pili. Mwezi wa saba ni wakati mzuri, njia zimekauka na sokwe hushuka chini zaidi.

Nirudi kwa bibi. Alipomaliza kucheka aliniuliza jambo moja: "Huko nitatoka nikitaka?" Nyarugusu hukutoka kambini bila karatasi. Sikutaka kumdanganya. Nilimwambia kwamba Gombe pia hutembei msituni bila kiongozi wa hifadhi, hilo ni sharti kwa kila mtu, lakini mtumbwi wa kurudi Kigoma unapita, na siku akichoka nitarudi naye mimi mwenyewe. Akafikiri. Akasema pwani kuna nyumba ya wageni au hakuna? Ipo, ina vyumba na baraza yenye wavu wa kuzuia nyani.

Jana alilipa sehemu yake ya kwanza, na akamwambia mweka hazina aandike mbele ya jina lake: nyumba. Mpaka sasa walioandikwa hema ni saba, nyumba wanne, na mama wa Mulongwe bado hajasema.

Mkutano ni Jumamosi, saa nane, darasani kwangu. Mulete kalamu.