Kumbe Ilikuwa Ndoto

Yamkini nawe umepata kukesha kwa ajili ya hadithi, kisha hadithi hiyo ikakulipa hasara. Mimi yalinipata katika filamu iitwayo Identity, iliyotengenezwa Marekani mwaka 2003 chini ya uongozi wa James Mangold.

Mwanzo wake wapendeza. Mvua kubwa yanyesha katika jangwa la Nevada, maji yakata barabara, simu zazimika. Wasafiri wa kila namna wakimbilia nyumba ya wageni iliyo mbali na mji. Mama mmoja amegongwa na gari, na dereva aliyemgonga ahangaika kumwokoa; mtoto wake atazama bila kusema neno. Kisha mauaji yaanza. Penye maiti huonekana ufunguo wa chumba: wa kwanza una namba 10, wa pili 9, na hesabu yazidi kushuka. Nilijifunika shuka hadi shingoni, nikimwombea mama yule apone.

Ghafula twaambiwa kwamba hapakuwa na nyumba, wala mvua, wala mama. Wote ni nafsi zilizomo katika akili ya mtu mmoja mgonjwa, muuaji aliyehukumiwa kufa. Wako wanaousifu ufundi huo. Mimi ulinivunja moyo. Nilikuwa nimetoa huruma yangu kama atoaye fedha sokoni, nikafika nyumbani nikakuta kikapu kitupu.

Mimi ni mwalimu, na mbinu hiyo naijua. Kila muhula nasahihisha insha ambamo simba amekwisha kuruka na panga limekwisha kuinuliwa, kisha: "Nikaamka, kumbe ilikuwa ndoto." Huo niliuita uvivu: mwandishi akishindwa kuufungua mlango alioufunga mwenyewe, huibomoa nyumba.

Lakini mwaka mmoja msichana wa kidato cha pili aliandika juu ya usiku alioketi nje na wadogo zake hadi alfajiri, kwa kumwogopa mlevi aliyekuwa ndani. Akamaliza kwa maneno yale yale. Nilimpa alama chache, nikaandika kwa wino mwekundu: "Usimkimbie msomaji." Baada ya majuma machache mama yake alikuja shuleni, na katika mazungumzo nikafahamu kwamba haikuwa ndoto. Siku hiyo sikuweza kushika kalamu. Nilimwita yule binti nikamwomba radhi. Akainama, akasema, "Mwalimu, nilidhani hutaniamini."

Filamu ile ingali hainipendezi, na sasa najua sababu. Muuaji wake, alipokuwa mtoto, aliachwa na mama yake katika nyumba ya wageni. Hapo ndipo palipokuwa na hofu ya kweli, nao wakapapita mbio ili watushangaze. Wao walikuwa na kweli wakaikimbia. Binti yule aliibeba kweli yake, akaifunika kwa khanga apate kuivusha mlangoni.

Tangu hapo, nikutapo ndoto katika insha, humwita mwandishi tukaketi faraghani kabla sijatoa alama. Mara nyingi huwa ni uvivu tu, tukacheka. Si mara zote.

Basi, msomaji, uandikapo, usimwamshe mtu wako ili kuukwepa mwisho mgumu. Na usomapo ndoto ya mwenzako, usifanye haraka kuicheka. Uliza kwanza kama usiku huo alilala.