Tuta la Mawe Kando ya Ua

Upande wetu wa mji wa Gisenyi jembe haliendi mbali. Ukilima kidogo tu lasikika likigonga jiwe, maana chini kuna yale mawe meusi ya volkano ambayo wenyeji huyaita amakoro. Basi udongo ukikataa kushuka, mtu huupandisha. Ndiyo maana nyumba nyingi za Rwanda zina akarima k'igikoni, yaani kishamba cha jikoni: tuta la mviringo, ngazi juu ya ngazi, mboga zimelizunguka.

Letu halikuweza kuwa la mviringo. Nafasi iliyobaki shuleni ilikuwa ukanda mwembamba kando ya ua wa mpakani. Kulikuwa na uwanja wa mpira pia, lakini nani angethubutu kuugusa?

Ua wenyewe ni wa umuyenzi, mti ambao Waswahili wa pwani huuita mnyaa. Utomvu wake mweupe ukikuingia jichoni utalia siku nzima. Nyuma ya ua akaa mama mmoja mzee, mjane, na kiwanja chake kiko chini ya chetu.

Ubishi ukaanza. Wenzetu wengine walitaka udongo uegemee ua, tujenge mawe upande mmoja tu, na kazi iwe nusu. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa. Tuta la meta 6 kwa meta 1, lenye kimo cha sentimeta 60, ni meta za ujazo 3.6. Udongo ulioshiba maji wazidi tani moja na nusu kwa kila meta ya ujazo, basi hapo pana tani zaidi ya tano. Si zote zingeusukuma ua, lakini sehemu yake ingetosha kuulaza. Tena maji yangekwenda wapi? Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua iliua watu zaidi ya 130 nchini, na hapa Rubavu mto Sebeya ukaingia majumbani. Mtu aliyeuona mwaka ule hawezi kumjengea jirani yake mlima wa matope mgongoni.

Tulipokuwa bado twabishana, sauti ikaja kutoka ng'ambo ya ua:

"Wanangu, mwasogeza mpaka?"

"Hapana, Mama. Twajenga bustani."

"Mpaka nao huanza kusogea kwa bustani," akasema.

Tukamwomba aje aone. Bwana Mwalimu akamletea kiti, tukapima mbele yake kutoka kwenye ua sentimeta 60 za njia, tukapiga kamba. Katika njia ile tukachimba mfereji unaopeleka maji barabarani, si kwake. Aliiangalia kamba kwa muda mrefu kuliko alivyotuangalia sisi.

Njia ile si hasara, ijapokuwa wapo waliosema tumeitupa ardhi. Mkono wa mtu wafika kama sentimeta 60 tu bila kukanyaga udongo. Tuta lililobanwa na ua hupaliliwa upande mmoja, na nyuma magugu hutawala. Letu lafikiwa pande zote mbili. Tena umuyenzi wahitaji kukatwa mara kwa mara, na mkataji ataka mahali pa kusimama.

Kujenga kulikuwa kazi ya Jumamosi tatu. Hatukutumia saruji. Amakoro yana matundu na makali, hivyo hushikana yenyewe, na maji hupenya katikati yake. Makubwa yalikaa chini, na kila safu ililala kidogo kuelekea ndani. Baada ya Nyiragongo kulipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yalipasua nyumba na barabara mjini. Mawe makavu yakitikiswa, huyapanga tena asubuhi. Ndani tulitia kokoto, kisha vigogo vya migomba, majani, na udongo juu. Samadi ilikuwa haba, mpaka yule mama alipotupitishia vikapu vitatu vya samadi ya mbuzi, bila kuulizwa.

Mchicha, ambao hapa twauita dodo, tumekwisha uvuna mara mbili. Karoti bado. Udongo umeshuka kama kiganja kwa sababu migomba yaoza, nasi twaongeza. Zimebaki meta nne kufika pembeni, na kamba ingali pale pale. Wadogo zetu wa darasa linalofuata wakianza kabla ya mvua za Septemba watamaliza.