Msasa wa Uungwana

Upo mti uitwao msasa. Majani yake hukwaruza kama tupa, na maseremala wa zamani waliyatumia kulainisha ubao baada ya randa kumaliza kazi yake. Siku hizi karatasi ya dukani imeshika kazi ya jani, lakini imerithi jina la mti. Lugha nayo imeliazima jina hilo: hotuba hupigwa msasa, shairi hupigwa msasa, na kijana aliyefunzwa akafunzika husemwa kuwa amepigwa msasa. Katika usemi huu mna fikira ya kweli. Msasa hauongezi kitu katika ubao, bali hupunguza. Uzuri unaotokea ulikuwamo katika mti tangu mwanzo, ila ulizibwa na ukwaru.

Kwa usafi wa tabia ya mwanadamu, Kiswahili kina maneno mawili makubwa zaidi ya hilo: ustaarabu na uungwana. Kila moja lina historia isiyofaa kusahauliwa na wanaolitumia.

Ustaarabu umetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya kufuata desturi za Waarabu na kuwa kama wao. Basi katika asili yake neno hili lilipima ubora wa mtu kwa ukaribu wake na watu wengine. Lilipata nguvu katika karne ya 19, masultani wa Unguja walipoitawala pwani. Leo anayewaambia watu wapange mstari kwa ustaarabu hana fikira ya Uarabu hata kidogo. Neno limekua likamsahau baba yake.

Uungwana una kisa kizito zaidi. Mwungwana katika miji ya pwani alikuwa mtu huru, mzaliwa wa mji, mwenye nasaba inayojulikana. Kinyume chake kilikuwa mtumwa. Adabu, usemi mzuri, mavazi safi na ukarimu vilihesabiwa kuwa mali ya mwungwana, kana kwamba vilizaliwa pamoja naye. Mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kofia mbele ya bwana wake, kisha akadharauliwa kwa kutembea miguu mitupu na kichwa wazi. Hii ndiyo dhuluma ya neno zuri: humnyima mtu nafasi ya kuwa bora, halafu humlaumu kwa kutokuwa bora.

Lakini maneno hayakai yalipowekwa. Misafara ya karne ya 19 ilipotoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na Manyema, wengi wa waliochukua mizigo na bunduki walijiita waungwana, ingawa baadhi yao walikuwa watumwa kwa sheria ya pwani. Huko bara hapakuwa na mtu wa kuwauliza nasaba. Walijulikana kwa kanzu zao, kwa lugha yao na kwa mwenendo wao. Kiswahili walichokieneza mashariki mwa Kongo kikaitwa Kingwana, na jina hilo ni ushahidi kwamba mtu aliyenyimwa heshima nyumbani aliweza kuitwaa safarini. Haifai, hata hivyo, kuficha upande wa pili: baadhi ya waungwana hao waliwateka wenyeji wa bara na kuwafanya watumwa. Waliipata kanzu ya mwungwana kabla ya kuipata huruma yake.

Utumwa wenyewe ulikufa polepole. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hali ya utumwa katika sheria ya Unguja na Pemba, lakini masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Katika Tanganyika sheria kama hiyo ilitoka mwaka 1922. Waliokuwa watumwa wakavaa kofia na viatu, na wanawake wao wakajifunika kanga na buibui. Waliokuwa mabwana waliweza kuona kiburi katika jambo hilo, lakini lilikuwa dai la haki. Maadamu uhuru umekuwa wa wote, mwungwana atajulikanaje?

Jibu limo katika methali: uungwana ni kitendo. Kwa maneno machache methali hii huliondoa neno katika mikono ya nasaba na kulitia katika mikono ya kila mtu. Methali nyingine husema kwamba mwungwana akivuliwa nguo huchutama. Haielezi nguo zilikuwa za thamani gani, wala nani aliyezishona. Husifu mtu anayejistahi hata pale alipoaibishwa, asiyeongeza kelele juu ya fedheha. Leo mchezo usio na hila huitwa mchezo wa kiungwana, na hakuna anayeuliza babu za wachezaji.

Hata hivyo msasa una hatari yake. Miwa ikishindiliwa na maji yake kuchemshwa hutoa sukari nyeusi yenye ladha yake. Sukari hiyo ikisafishwa zaidi huwa nyeupe na ya kupendeza, lakini imepoteza pamoja na uchafu madini yaliyokuwamo. Ndivyo alivyo mtu aliyelainishwa hadi akasahau kusema kweli kwa kuogopa kuudhi, au anayejua salamu zote lakini hajui jirani yake amelala na njaa. Kusafisha ni kuondoa, na aondoaye hana budi kujua anachokitupa.

Basi kipimo cha uungwana hakipatikani barazani mbele ya wakubwa, maana huko kila mtu hujitahidi. Hupatikana pale mtu anaposema na mtumishi, na mchukuzi, na mgeni asiye na wenyeji. Na yeyote asiyeweza kumlipa wala kumdhuru. Neno lililozaliwa ili kumtenga mtumwa haliwezi kusafika ila kwa kutumiwa kumheshimu aliye chini. Huo ndio msasa wake, na kazi yake haijaisha.