Ukubwa wa Klabu ya Mpira

Ukubwa ni neno jepesi kulitamka na zito kulithibitisha. Mlima hauna haja ya shahidi, kwa kuwa kila mwenye macho huuona. Lakini ukubwa wa kitu kilichofanywa na watu hutaka ushahidi, na mashahidi wake aghalabu hawapatani. Ndivyo lilivyo suala la klabu za mpira za Uingereza, suala ambalo mjini Bariadi huzungumzwa kwa bidii kuliko mambo mengi yaliyo karibu zaidi na maisha ya wasemaji wake.

Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye wilaya tano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya ng'ombe na pamba. Ligi ya Uingereza huanza mwezi wa Agosti, wakati mashamba yamelala yakingoja mvua, na humalizika mwezi wa Mei, wakati pamba inapoanza kubebwa kwenda kwenye vituo vya ununuzi. Katika miezi iliyo kati, kila Jumamosi na Jumapili, vijana na watu wazima hubanana juu ya mabenchi ya vibanda umiza, wakalipa ada ndogo, wakatazama mchezo unaochezwa katika miji ambayo wengi wao hawataiona maishani. Mchezo ukiisha, mjadala huanza. Huyu husema klabu yake ni kubwa, na yule hucheka. Wote wawili husema kwa moyo wa kweli; kinachokosekana ni mizani.

Mizani ya kwanza wanayoishika watu ni vikombe. Ni mizani nzuri, maana kikombe huhesabika. Lakini mwenye kuitegemea peke yake hufikishwa mahali pa ajabu. Ligi ya Uingereza ilipoanzishwa mwaka 1888 ilikuwa na klabu 12, na bingwa wa kwanza alikuwa Preston North End, ambaye hakushindwa hata mchezo mmoja wa ligi msimu ule, na juu ya hayo akatwaa Kombe la FA. Mwaka uliofuata akawa bingwa tena. Tangu mwaka 1961 klabu hiyo haijacheza katika daraja la juu, na ni nadra kumsikia kijana wa Bariadi akiitaja. Nottingham Forest nayo ilikuwa bingwa wa Uingereza mara moja tu, mwaka 1978, kisha ikatwaa Kombe la Ulaya mara mbili mfululizo, mwaka 1979 na 1980. Kwa hesabu ya Kombe la Ulaya, Forest huzipita klabu nyingi zinazoitwa kubwa; kwa hesabu ya ubingwa wa nyumbani, hupitwa na nyingi zinazoitwa ndogo. Kikombe, basi, ni shahidi wa siku moja. Hueleza nani alishinda. Kueleza nani ni mkubwa si kazi yake.

Mizani ya pili ni fedha. Mkono mtupu haulambwi, na hakuna mwenye akili atakayesema kwamba fedha haina nguvu uwanjani. Manchester City ilicheza katika daraja la tatu msimu wa 1998 hadi 1999. Ikanunuliwa na matajiri wa Abu Dhabi mwaka 2008. Na mwaka 2023 ikatwaa ligi, Kombe la FA na Kombe la Ulaya katika msimu mmoja. Fedha ilifanya kazi yake. Lakini yako mambo ambayo fedha iliyajaribu ikashindwa. Mwezi wa Aprili 2021 klabu sita tajiri za Uingereza zilitangaza kuwa zitaunda ligi yao na wakubwa wenzao wa Ulaya, ligi ambayo waanzilishi wake wasingeweza kushushwa daraja. Maana yake ni kuwa zilitaka ukubwa uwe mali ya kurithi, usiopimwa tena kila mwaka. Mashabiki wakajaa mbele ya milango ya viwanja, wakapiga kelele dhidi ya klabu wanazozipenda wenyewe. Kabla siku tatu hazijatimia, zote sita zilikuwa zimejitoa. Siku hizo wenye mali waligundua kwamba kitu walichokinunua kilikuwa na sehemu isiyoingia katika hati ya mauzo.

Mizani ya tatu ni wingi wa wapenzi, na hapo Bariadi yenyewe hutiwa katika hesabu. Jezi za Arsenal, Manchester United, Liverpool na Chelsea huonekana sokoni, mashambani na juu ya baiskeli zilizobeba maji. Husemwa kuwa klabu inayopendwa hata huku haina budi kuwa kubwa. Hoja hii ina uzito, lakini inataka kupimwa kwa makini, na kwa bahati njema Usukuma una elimu ya kuipimia ambayo ni ya zamani kuliko vibanda umiza.

Tangu karne ya 19 wachezaji ngoma wa Kisukuma wamegawanyika katika vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu. Asili ya vyama hivyo husimuliwa kuwa ni ushindani wa mabingwa wawili wa ngoma na uganga, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, katika Juni na Julai, vikundi vya pande hizo mbili hukutana uwanjani kushindana. Kila upande una manju wake, nyimbo zake na mbinu zake. Wengine hucheza na nyoka, wengine huja na vinyago, wengine hurusha majembe hewani na kuyadaka. Vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wako huru kwenda huku au huko. Upande uliovuta watu wengi zaidi ndio ulioshinda. Mwamuzi wa mchezo ni miguu ya watu, na kwa ajili hiyo mabingwa wa zamani walitafuta sana dawa za kuvuta umati.

Kwa mtazamo wa haraka, desturi hii huthibitisha hoja ya wingi: mkubwa ni mwenye watu. Lakini anayetazama kwa utulivu ataona kuwa uwanjani mna watu wa namna mbili. Wako watazamaji, ambao huhama na utamu. Manju wa huku akiimba vizuri huwa hapa, wa kule akimpita huenda kule. Tena wako wenyeji wa chama, ambao hawahami. Umati ukiwakimbia, wao hubaki wakicheza mbele ya nafasi tupu mpaka jua litue. Hurudi nyumbani wameshindwa, hutunga nyimbo mpya, na mwaka unaofuata huja tena. Katika vikundi vingi vya namna hii wachezaji wa pamoja walikuwa pia walimaji wa pamoja, na jembe lililorushwa katika ngoma ndilo lililolima shamba la mwenzao. Umati huleta ushindi. Wenyeji huleta ukubwa. Bagika wameshindwa mara zisizohesabika, na Bagalu vilevile, na majina yote mawili yangali hai baada ya zaidi ya miaka 100. Lau chama kingekuwa ni mali ya watazamaji peke yao, kingekufa katika kiangazi cha kwanza cha kushindwa.

Mizani hii ikichukuliwa mpaka Uingereza hupima sawasawa. Mji wa Sunderland uko kaskazini mashariki ya nchi hiyo, na ulikuwa mji wa machimbo ya makaa ya mawe na wa kuunda meli. Klabu yake ilikuwa bingwa wa nchi mara sita, na mara ya sita ilikuwa mwaka 1936. Machimbo yalifungwa, kazi ya meli ikaisha, na uwanja mpya wa klabu, uliofunguliwa mwaka 1997, ulijengwa juu ya ardhi ya mgodi uliokuwa umefungwa. Mwaka 2018 klabu ikaanguka mpaka daraja la tatu. Tarehe 26 Desemba ya mwaka huo, ikicheza na Bradford katika daraja hilo la chini, walikuja watu zaidi ya 46,000. Hapakuwa na utamu wa kuwavuta. Hapakuwa na nyota wala kombe la fahari. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Siku ile Sunderland haikuwa na nguvu, lakini haikupungua ukubwa. Mwaka 2025 ilirudi katika daraja la juu, na waliorudi nayo ni wale wale walioshuka nayo.

Liverpool hutoa ushahidi mwingine, mzito zaidi. Ilikaa miaka 30 bila ubingwa wa ligi, kutoka 1990 mpaka 2020. Lakini mtihani wake mkubwa haukuwa wa vikombe. Mwezi wa Aprili 1989 mashabiki wake walibanwa katika uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, na waliofariki kwa msiba ule ni watu 97. Lawama ikatupwa juu ya marehemu na wenzao. Jamaa zao walidai haki kwa miaka 27, mpaka mwaka 2016 baraza la uchunguzi lilipoamua kuwa watu hao waliuawa kinyume cha sheria na kwamba mashabiki hawakuwa na hatia. Katika miaka yote hiyo mji na klabu walisimama na wafiwa. Klabu inayoweza kubeba wafu wake hivyo ina ukubwa ambao jedwali la ligi halina safu ya kuuandikia.

Hapa hadithi hurejea Tanzania kwa njia ya jina. Klabu ya Young Africans, yaani Yanga, iliasisiwa Dar es Salaam mwaka 1935, na mwaka 1936 baadhi ya watu wake wakajitenga wakaunda klabu nyingine. Klabu hiyo mpya ilibadili majina, na miongoni mwa majina hayo lilikuwamo Sunderland. Kwa jina hilo la kuazima ilitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1965 na 1966. Mwaka 1971 ikaliacha, ikaitwa Simba. Lau ukubwa ungetoka katika jina la Kiingereza, kuliacha kungeipunguza. Haikupungua, kwa sababu waliokuwa wakiibeba ni watu wa Kariakoo, na baada yao watu wa mikoa yote, waliofungua matawi na kuwarithisha watoto wao mapenzi hayo pamoja na uadui wa mtani wao. Mwaka 1974 Simba na Yanga zilikutana katika uwanja wa Nyamagana mjini Mwanza, mbali na Dar es Salaam, kuamua ubingwa, na Yanga ikashinda kwa mabao 2 kwa 1. Usukuma ulishuhudia jambo uliokuwa ukilijua zamani: pande mbili zinazohitajiana, kila moja ikipata kimo chake kwa kupimana na mwenzake, kama Bagika na Bagalu.

Je, mpenzi wa Arsenal au Liverpool aliyeko Bariadi ni mwenyeji au mtazamaji? Kumwita mtazamaji tu ni kumdhulumu. Wako waliovumilia na klabu hizo miaka mingi mikavu, wakachekwa kila wiki, wasihame. Moyo wa namna hiyo ni moyo wa mwenyeji. Lakini uaminifu wake una kilema asichokitaka mwenyewe: hauwezi kutenda. Mwaka 2021 watu wa London walipokwenda kusimama mbele ya lango, yeye aliweza kungoja habari tu. Klabu ikifilisika, hatamchangia mtu anayemjua. Ikishinda, maandamano hayatapita mbele ya nyumba yake. Huingia katika hesabu ya ukubwa wa wengine, na hesabu hiyo haimrudishii kitu. Pengine fedha ya pamba hupotea katika mikeka ya kubashiri, na hapo mapenzi yenyewe hugeuka biashara ya watu wasiomjua.

Kandokando ya hayo, viwanja vya Simiyu vina timu zinazokosa jezi, mipira na watazamaji. Mjini Mwanza, mwendo wa barabara ipitayo Lamadi na Magu, iko klabu ambayo jina lake ni jasho la mkoa huu, Pamba. Ilikuwa na sifa zamani, ikaporomoka, ikakaa nje ya Ligi Kuu kwa zaidi ya miaka 20, ikarejea mwaka 2024. Waliobaki nayo katika miaka hiyo ya kiza hawakuwa wengi, na majina yao hayajulikani mbali. Lakini hao ndio waliofanya kitu kiwepo cha kurejea.

Hapana sharti la kuchagua moja na kuchukia jingine. Mtu aweza kuipenda klabu ya mbali kama apendavyo hadithi nzuri, na asiidharau ya karibu inayomngoja kama shamba. Linalotakiwa ni kujua tofauti. Klabu za Uingereza zilizo kubwa kweli hazikuzaliwa kubwa. Zilianzishwa na watu wa makanisa, wa viwanda na wa reli, ambao Jumamosi walikwenda kwa miguu kutazama vijana wa mtaa wao, wakarudi wamelowa mvua, na Jumamosi iliyofuata wakaenda tena. Ukubwa unaotazamwa leo kwenye kioo cha kibanda ni malimbikizo ya nyayo hizo. Bariadi haikosi nyayo. Kila mwaka pamba ikishavunwa, na ligi ya Uingereza ikiwa imelala, watu wake hutembea maili nyingi kwenda kusimama upande wa Bagika au wa Bagalu, na wenyeji wa upande ulioshindwa hufunga ngoma zao, wakaanza njiani kutunga wimbo wa mwaka ujao.