Longbridge, Nyumbani kwa Gari Dogo

Ndani ya sanduku la marehemu babu yetu, nyumbani Tanga, umo ufunguo wa gari ambalo halipo tena. Lilikuwa Morris Minor, na habari zake tutazieleza mbele. Tunautaja ufunguo huo mapema kwa kuwa ndio uliotutia hamu, tulipokuwa ziarani Birmingham, Uingereza, ya kumwomba mwenyeji wetu atupeleke Longbridge, mahali yalikoundwa magari madogo aina ya Mini.

Mwenyeji wetu ni mtu wa makamo, mzaliwa wa Birmingham, ambaye wazee wake walitoka Unguja. Asubuhi ya Jumamosi alifungua banda nyuma ya nyumba yake, akatoa Mini ya kijani ya mwaka 1972.

“Karibu, Ustadhi,” alituambia, “lakini ingia kwa adabu. Huyu ni mzee.”

Gari hilo lina urefu wa mita 3.05 tu, na magurudumu yake ni ya inchi 10. Tulidhani magoti yetu yatagusa kidevu. Kumbe ndani mna nafasi kuliko tulivyotazamia, na watoto wake wawili waliketi nyuma bila ya kubanana. Njiani wapita njia walitupungia mikono. Kila tulipopishana na Mini nyingine, madereva waliwashiana taa kama jamaa wanaoamkiana.

Kiwanda cha Longbridge kilianzishwa na Herbert Austin mwaka 1905. Mini ilizinduliwa mwezi Agosti 1959, na ya mwisho ilitoka hapo tarehe 4 Oktoba 2000, baada ya kuundwa zaidi ya magari milioni 5.3 katika viwanda mbalimbali. Mwaka 2005 kampuni iliyokuwa ikikiendesha kiwanda ilifilisika, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza ajira. Leo sehemu kubwa ya eneo hilo ni maduka, nyumba za kuishi na chuo. Mwenyeji wetu alisimamisha gari kwenye maegesho ya duka kubwa, akazima injini.

“Baba alikuwa akiingia zamu karibu na hapa,” alisema. “Kiwanda kimeondoka, baba ameondoka. Kazi ya mikono yao ndiyo hii tuliyoikalia.”

Gari hili lilizaliwa kwa dhiki. Mwaka 1956, baada ya Rais Gamal Abdel Nasser kuutaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza, Ufaransa na Israel ziliishambulia Misri. Mfereji ukafungwa, na Waingereza wakaanza kupata petroli kwa mgao. Kampuni ya BMC ikamtaka mhandisi wake, Alec Issigonis, abuni gari dogo lisilokula mafuta. Mtu huyu alizaliwa Izmir mwaka 1906, wakati wa Dola ya Uthmaniya, na mwaka 1922 vita viliitoa familia yake huko. Aliilaza injini kwa upana wa gari, akaliweka giaboksi chini yake, vikashiriki oili moja. Kwa njia hiyo, takriban asilimia 80 ya nafasi ya sakafuni ilibakia kwa abiria na mizigo. Bei ya mwanzo ilikuwa pauni 496 pamoja na kodi.

Kisha mwenyeji wetu akatuambia jambo tusilolijua: Issigonis huyohuyo ndiye aliyebuni Morris Minor, iliyotoka mwaka 1948. Tulinyamaza kitambo. Gari la babu yetu na hili tulilolipanda yalitoka katika kichwa kimoja.

Tulikwenda pia kwenye jumba la makumbusho ya magari la Gaydon, katika jimbo la Warwickshire. Humo imo Mini ya awali yenye namba 621 AOK, na imo pia ile ya mwisho, nyekundu. Tulimwona mzee mmoja amemshika mjukuu wake mkono, akimwonyesha kidole hiki na kile, naye mtoto akiuliza bila ya kuchoka. Tuliambiwa kwamba kila mwaka mamia ya wapenzi wa gari hili huondoka London kwa msafara hadi ufukweni Brighton, wengine wakiwa na magari yaliyowazidi umri.

Mapenzi hayo yana gharama. Adui wa Mini ni kutu, na mara nyingi hulianza gari kwa chini, mahali pasipoonekana. Adui wa pili ni mvua, kwani kifaa kinachogawa umeme wa plagi kimewekwa mbele, nyuma tu ya wavu wa boneti. Wenyewe wana dawa yao ya zamani: hukivisha glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, waya nne za plagi zikapitishwa katika vidole vinne na ya tano katika dole gumba. Bodi ikiliwa kabisa, ipo karakana katika mji wa Witney inayotoa bodi mpya kwa mitambo ya asili.

Tulimwuliza mwenyeji wetu, kwa heshima, kama haya yote si israfu. Alicheka.

“Ustadhi, mfuko wa gari anao mama watoto. Fedha ya mwezi ikiisha, gari linalala hadi mwezi ujao.”

Halafu akaongeza kwa sauti ya chini: “Baba alipofariki, msiba ulipokwisha tulikaa na mama na ndugu zangu. Tukamwita mtu akalitia gari bei, nikamlipa kila mmoja fungu lake, tukaandikiana. Tangu siku ile, kila nati ninayoikaza najua naikaza kwenye changu.”

Maneno hayo yalituchoma. Morris ya babu yetu haikufa kwa uzee. Babu alipotutoka, iliachwa chini ya mwarobaini. Warithi hawakukaa, wala hawakuandikiana. Aliyetaka kuitengeneza alichelea kuambiwa kwamba anajimilikisha. Aliyetaka kuiuza aliambiwa ana tamaa. Kuku wakatagia viti vya nyuma. Baada ya miaka mingi ikachukuliwa na mnunuzi wa vyuma chakavu kwa fedha ambayo, ilipogawanywa, haikumtosha mtu nauli ya kurudi kwake.

Na si gari peke yake. Nyumba ya babu nayo haijagawanywa hadi leo. Bati za upande wa uani zimeoza, na kila anayezitazama husubiri mwenziwe aanze kuziezua.

Usiku ule, kabla ya kulala, tuliwaandikia ami zetu watatu kuomba kikao cha mirathi baada ya Idi, mbele ya mtu mwenye elimu na karatasi mkononi. Mmoja amekubali. Wa pili ametaka tusubiri. Wa tatu hajajibu, nasi tutamfuata kwake, inshallah, kabla ya masika.