KWIHARA: BARUA ZA LIVINGSTONE NA SAUTI YA ANGANI

Msomaji wangu, kama ulifika Tabora ukaishia kununua asali na maembe stesheni, basi bado hujafika. Tafuta usafiri uende Kwihara, kilomita chache tu nje ya mji. Pale ndipo lilipo tembe la Livingstone, jengo jekundu la udongo lenye mlango wa nakshi kama wa Unguja.

Mzee huyo alikaa hapo mwaka 1872, Februari hadi Agosti, akisubiri wapagazi kutoka pwani. Miezi yote hiyo! Na kabla yake mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mfuko wa barua zake, ulioandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ulikwama huku Unyanyembe kwani vita vya Mirambo vilifunga njia ya Ujiji. Stanley ndiye aliyeubeba, ukamfikia mwenyewe Novemba 1871. Mwaka mzima, tena barua za rejesta!

Mimi nilikwenda na mshikaji wangu, fundi redio. Mkononi ana laptop, mfukoni kidude kidogo kama kiberiti, kilichotengenezwa kwa ajili ya kunasa televisheni. Tangu mwaka 2012 wajanja wanakitumia kama redio, kazi iliyobaki inafanywa na programu ya kompyuta. Antena? Vipande viwili vya waya wa shaba, kila kimoja nusu mita, akavitundika kwenye mwembe. Akaweka megahezi 145.825, tukasubiri Kituo cha Kimataifa cha Anga kipite juu yetu, kilomita kama 400 hivi.

Krrr! Skrini ikaandika RS0ISS, kituo kikijitambulisha chenyewe. Kituo hicho hupokea ujumbe mfupi wa redio za ridhaa na kuurudisha chini papo hapo, lakini dakika zote kumi hatukuona jina la mtu mwingine yeyote. Anga yote hii, kimya! Iliniuma kidogo.

Halafu kuna wapagazi wa angani hasa. Setilaiti ya HealthSat-2, iliyorushwa mwaka 1993 kuhudumia madaktari, Afrika ikiwemo, ilipokea barua juu ya mji mmoja, ikaitunza tumboni, ikaishusha juu ya mji mwingine.

Utasema simu ipo, ya nini yote haya? Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, vijana wa Bongo walishinda wanatazama kiduara kikizunguka.

Kusikiliza ndiyo hivyo, rahisi. Kurusha kunataka leseni ya TCRA, na mshikaji ameshaanza kuulizia fomu.